Mbwa wa Watu

Kina mama wenzangu, mwezi huu nina ungamo. Mimi ni muuguzi wa miaka mingi, na ninajua jinsi mtu anavyotetemeka akisubiri majibu ya maabara. Hata hivyo mwaka 2018 niliomba kimoyomoyo kwamba majibu ya damu ya kiumbe mmoja yatoke mabaya. Kiumbe mwenyewe alikuwa mbwa, tena hakuwa mbwa wangu.

Habari ilianza hivi. Hapa Moshi, barabara ya pili kutoka kwetu, ilikaa familia ya Wajerumani, baba, mama na watoto wawili. Kila Julai walikwenda kwao likizo ya wiki nne. Mwaka 2014 yule mama alinijia akasema, "Sista, tunaomba ulale kwetu, nyumba isibaki peke yake." Nilikubali, na nisiwafiche, kilichonivuta ni utulivu wa nyumba ile, maana atokaye zamu ya usiku anahitaji mahali pa kulala mchana. Nilikwenda na binti yangu wa mwisho. Mume wangu alibaki na wavulana, kwa sharti kwamba chakula cha jioni kipikwe kwanza kwake ndipo nikalinde mali za watu.

Mbwa wao alikuwa wa kienyeji, waliyemwokota sokoni akiwa mdogo. Rangi yake ilikuwa ya hudhurungi yenye mabaka, basi watoto wakamwita Chapati. Mimi nililelewa nikijua kwamba mbwa ni wa uani. Hubweka usiku, hula makombo, na hakuna anayemshika. Wiki ya kwanza nilikuwa nikimwekea ugali na dagaa, kisha narudi nyuma hatua tatu.

Siku moja nilitoka kazini asubuhi tukiwa tumempoteza mtoto wa miezi minane. Nilikaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vyangu vya kazi, sikuwa na nguvu ya kuingia ndani. Chapati alikuja akalaza kidevu chake juu ya mguu wangu. Hakubweka wala hakudai chakula. Tulikaa hivyo mpaka jua likapanda. Tangu siku ile sikuhesabu tena hatua tatu.

Baadaye nilisoma jambo lililonishangaza. Mwaka 2015 wataalamu wa Japani walipima mkojo wa mbwa na wa wenye mbwa, kabla na baada ya kukaa pamoja. Wale waliotazamana machoni kwa muda mrefu walipandisha homoni ya oksitosini, mtu na mbwa pia. Kina mama, ni homoni ile ile tunayomchoma mzazi baada ya kujifungua ili mfuko wa uzazi ubane asipoteze damu nyingi, na ndiyo inayosukuma maziwa mtoto anaponyonya. Mwili hauulizi kwanza kama mbwa huyu ni wako au wa jirani.

Kila Agosti wenyewe walirudi. Chapati aliwarukia, akalia kwa furaha, akanisahau palepale. Mimi nilikabidhi funguo na kushika njia na begi langu kama mke aliyerudishwa kwao. Binti yangu alikuwa akilia njia nzima. Mwaka wa tatu nilichoka, nikamkemea, "Nyamaza! Mbwa wa watu huyo." Alinyamaza kweli. Hakulia tena mbele yangu.

Mwaka 2018 mkataba wao ulikwisha, nao wakataka kumchukua Chapati. Si jambo jepesi. Mbwa atokaye Tanzania kwenda nchi za Umoja wa Ulaya huwekewa chipu ndogo chini ya ngozi, kisha huchanjwa kichaa cha mbwa. Baada ya siku zisizopungua 30, daktari wa mifugo huchukua damu, nayo hupelekwa maabara inayotambuliwa na Umoja huo ili kupima kingamwili. Zikipungua uniti 0.5 kwa mililita, hapiti. Zikitosha, bado atangoja miezi mitatu tangu siku damu ilipochukuliwa. Wao waliondoka mwisho wa Juni, Chapati akabaki nami mpaka mwishoni mwa Septemba. Yule mama aliniambia tukiagana, "Majibu yakiwa mabaya, Sista, labda ni afadhali abaki kwako."

Hapo ndipo nilipoanza kuomba maombi yangu yale. Majibu yalikuja Julai, yamepita kiwango kwa mbali. Niliwapigia simu nikawapongeza. Kisha nikaenda kufua nguo zilizokuwa safi.

Siku ya safari aliingia katika sanduku la kusafirishia bila shida, kwa kuwa nilikuwa nimetandika khanga yangu ndani. Aliniamini. Jambo hilo ndilo lililoniuma kuliko ndege yenyewe. Kwa wiki kadhaa nilishtuka usiku nikidhani nasikia kucha zake kwenye sakafu. Kazini mwenzangu aliniuliza, "Umefiwa?" Nikajibu hapana. Ningesema nini, kwamba nalilia mbwa wa jirani aliyepanda ndege?

Mwaka 1989 mtaalamu mmoja wa Marekani, Kenneth Doka, alihariri kitabu kizima juu ya huzuni ya namna hii, ambayo jamii haiitambui, na mwenye nayo hapewi pole. Nimeiona sana. Mfikirie dada wa kazi aliyemlea mtoto wako miaka minne, akaondoka Jumamosi na mfuko wake mmoja. Tunamlipa mshahara wake na nauli. Nani humwambia pole kwa kuachana na mtoto? Na mtoto anayemtafuta jikoni Jumapili, tunamwambia nini? Mimi nilisema, "Mbwa wa watu huyo."

Chapati alikufa huko Ujerumani mwaka 2022. Walituma ujumbe na picha yake amesimama kwenye theluji, masikio yamelala. Binti yangu alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa. Nilimwonyesha picha tukiwa tunachambua mchele, nikamwomba msamaha kwa neno nililomkemea nalo barabarani. Kisha nikamweleza habari ya damu na maombi yangu mabaya, kwa aibu, huku nikitazama ungo.

Aliendelea kuchambua kidogo, halafu akasema, "Na mimi niliomba hivyo hivyo, mama. Tena nilifunga siku mbili."

Ndiyo maana siku zile alikuwa akikataa uji. Nami nilikuwa nimempa dawa ya minyoo! Tulicheka mpaka baba yake akatoka chumbani kuuliza kuna nini.