LUGHA YETU: Mwanga, Nuru na Mwangaza



Watu wengi hudhani ya kuwa mwanga, nuru na mwangaza ni neno moja lenye mavazi matatu; mtu hulitwaa lililo karibu na kinywa chake, akaendelea na maneno yake. Mimi nami nilidhani hivyo, mpaka siku nilipoandika sentensi moja fupi iliyomkosesha bibi kizee usingizi. Habari hiyo nitaieleza mbele. Kwanza na tuyapime maneno yenyewe.

Mwanga ni weupe utokao katika kitu kiwakacho au king'aacho: jua, mwezi, moto, taa. Wingi wake ni mianga. Mwangaza ni ule weupe uliokwisha enea mahali, hata mtu akaweza kuona. Twasema mwanga wa taa, lakini chumba chenye dirisha kubwa twasema kina mwangaza. Kadhalika mtu aliyeelezwa jambo lililomtatiza husema amepata mwangaza, kwa kuwa sasa aona njia.

Nuru ni neno lililotoka katika Kiarabu, nalo limekaa zaidi upande wa heshima na dini. Sura ya 24 ya Kurani huitwa An-Nur, yaani Nuru. Katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, sura ya kwanza ya Mwanzo yataja nuru katika siku ya kwanza. Lakini jua na mwezi, vilivyoumbwa siku ya nne, vyaitwa mianga. Tofauti hiyo yafaa kuangaliwa: nuru ni kitu chenyewe, na mianga ni vile viitoavyo. Ndiyo sababu twasema uso wa mtu mwema una nuru, wala hatusemi una mwanga, ila kama ameelekea taa.

Mwanga na mwangaza wana jamaa nyingi. Anga ni uwazi wa juu. Kiangazi ni majira ya jua kali. Kianga ni lile jua litokeapo mvua inapokatika, neno zuri ambalo vijana wa mjini wanaliacha lipotee. Maji yasiyo na taka huitwa maangavu, na akili nyepesi ya kufahamu huitwa angavu. Kuangaza ni kutia mwanga. Lakini pia ni kukaza macho kutazama. Hapa ndipo wengi hujikwaa katika methali isemayo, "Mwangaza mbili moja humponyoka." Husomwa kana kwamba yahusu taa mbili. Sivyo. Mwangaza huyo ni mtu, yule aangazaye macho huku na huku. Naye atazamaye mawili, moja humtoroka.

Kiswahili hakikuishia hapo. Mwanga wa mwezi una jina lake, mbalamwezi. Weupe wa asubuhi ni mapambazuko. Ule mwanga hafifu wa magharibi, unapomwona mtu usimtambue, ni utusitusi. Mstari mmoja wa jua upenyao tunduni ni mwale, na wingi wake ni miale. Mtu mwenye maneno haya hana haja ya kusema "mwanga mwanga" mara kumi katika barua moja.

Sasa nirudi kwa yule bibi. Yuko mwanga mwingine, ambaye si kitu bali ni mtu: yule asemwaye kuwa huwanga usiku, yaani mchawi. Wingi wake ni wanga. Maneno haya mawili husikika sawasawa, na linaloyatenga ni upatanisho. Mwanga huu, mianga hii: hiyo ni taa. Mwanga huyu, wanga hawa: hao ni watu.

Miaka michache iliyopita, katika kijiji kimoja cha Pwani, mzee mmoja alinijia nimwandikie malalamiko kwa chifu. Jirani yake, mjane mwenye mvi, alikuwa akiwasha kandili barazani mpaka usiku wa manane ili mjukuu wake asome kwa ajili ya mtihani, na miale ilipenya dirishani mwa mzee. Nilikuwa na haraka, nikaandika: "Kwa jirani yangu, kila usiku pana mwanga, sipati usingizi."

Itazameni sentensi hiyo. "Pana" haisemi huu wala huyu. Niliandika taa, waliosomewa karatasi barazani wakasikia mchawi. Vijana walianza kunong'ona, na mmoja akageuka kumtazama yule mama. Huko Pwani, hasa upande wa Kilifi, wazee wamekwisha uawa kwa kusingiziwa uchawi, na wengine wamekimbia nyumba zao. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 iliweka adhabu hata kwa mtu anayemtuhumu mwenziwe kuwa mchawi. Lakini mnong'ono haungoji sheria.

Chifu, Mungu ampe umri, aliuliza neno moja tu: "Mzee, mwanga huu au mwanga huyu?" Mzee akajibu, "Huu, bwana, wa kandili!" Watu wakacheka. Mama yule hakucheka. Usiku ule alikwenda kulala kwa ndugu yake, na siku kadhaa zikapita kabla ya kandili kuonekana tena barazani. Nilikwenda kumwomba radhi. Alinipa kiti, akaniambia, "Mwanangu, wino wako ni mwepesi kuliko mkono wako." Sina la kuongeza.

Tangu Katiba ya mwaka 2010, Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii pamoja na Kiingereza. Basi kila karani na kila mtu amwandikiaye mwenziwe barua ajue kwamba ameshika jambo zito. Ukiandika "pana" au "kuna", ongeza neno litakalofunga mlango wa shaka: mwanga wa taa, mwanga wa mwezi. Neno moja la ziada halimalizi wino.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaliangalia giza na ndugu zake. Msomaji aliye na neno la kwao lenye maana ya kianga au utusitusi na atuletee, tulihifadhi lisipotee.

Wasalaam.