Zawadi ya Muuguzi Hulipwa na Mama

KALENDA ukutani, kalamu mfukoni, fulana ya semina, saa ya wodini: vitu hivi vyenye jina la kampuni vimekuwa vya kawaida katika sehemu nyingi za tiba duniani, na kwa kuwa ni vidogo, wengi huviona havina madhara. Fikra hiyo ni ya hatari. Mfanyabiashara hagawi sadaka. Kila anachomkabidhi muuguzi amekwisha kukipigia hesabu, na ni lazima kimrudishie zaidi ya alichotoa. Swali linalompasa kila mtumishi wa umma kujiuliza ni moja tu: nani atakayelipa?

Historia ya maziwa ya watoto ya kopo inalo jibu. Mwaka 1939 Dakta Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica aliyekuwa amewatibu watoto wa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, alisimama mbele ya wakubwa wa mji wa Singapore akawaeleza wazi kwamba kuwalaghai akina mama waache kunyonyesha ni sawa na kuua. Onyo lake halikuwazuia wafanyabiashara. Katika miaka ya 1960 na 1970 makampuni yaliajiri wanawake, baadhi yao wauguzi wenye vyeti, yakawavika sare nyeupe na kuwapeleka katika wodi za wazazi za Afrika, Asia na Karibi. Mama aliyejifungua jana hakuweza kumtofautisha muuguzi na mchuuzi. Aliona sare, akaamini.

Kopo la kwanza lilikuwa la bure. Lakini titi hutoa maziwa kwa kadiri linavyonyonywa; mtoto akizoeshwa chupa kwa siku chache, maziwa ya mama hupungua. Kopo la bure likiisha, mama anarudi nyumbani akiwa mnunuzi apende asipende. Bei ikimshinda, huongeza maji na kupunguza unga ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Na pale ambapo maji si safi na kuni za kuchemshia chupa ni za shida, mtoto hupatwa na kuharisha, hudhoofu, na wengi wamekufa. Hiyo ndiyo bei ya kalamu na kalenda. Muuguzi alipokea, mama akalipa.

Kwa sababu hiyo, tarehe 21 Mei 1981 mjini Geneva, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha Kanuni za Kimataifa za uuzaji wa vyakula vinavyotumika badala ya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliunga mkono, 3 hazikuegemea upande wowote, na Marekani peke yake ilipinga. Kanuni hizo zinatamka kwamba makampuni yasitoe fedha wala vitu vya kumshawishi mtumishi wa afya atangaze bidhaa zao, na kwamba mtumishi huyo naye asipokee. Wajibu umewekwa juu ya mkono unaotoa na juu ya mkono unaopokea. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 1994, na zikaandikwa upya mwaka 2013.

Hata hivyo ugonjwa haujapona. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa taarifa ya uchunguzi uliofanywa katika nchi 8, zikiwamo Nigeria, Afrika Kusini, Morocco na Uingereza. Zaidi ya theluthi moja ya wanawake waliohojiwa walisema mtumishi wa afya aliwahi kuwapendekezea aina maalumu ya maziwa ya kopo. Ni kweli wapo watoto wachache wanaoyahitaji kwa sababu za tiba. Lakini uamuzi huo ni wa utaalamu, na utaalamu haupaswi kuwa na deni kwa muuzaji.

Wapo watakaosema kwamba muuguzi mwenye mshahara mdogo, anayekesha na wagonjwa wengi, hawezi kulaumiwa kwa kupokea kalamu ambayo kazini hakupewa. Hoja hii ina uzito. Muuguzi asiye na kalamu wala daftari ameachwa wazi kwa yeyote mwenye mfuko mzito, na ni jukumu la wenye dhamana kuhakikisha kuwa vitendea kazi vinapatikana. Lakini upungufu hautibiwi kwa kuuza imani ya mgonjwa. Msemo wa penye udhia penyeza rupia umewaumiza wanyonge vya kutosha.

Wala zawadi hii isichanganywe na shukrani ya mwanakijiji anayeleta kuku baada ya mwanawe kupona. Hata hiyo inataka uangalifu, isije ikageuka kuwa ada ya kuhudumiwa. Lakini mwanakijiji anashukuru kwa kazi iliyokwisha kufanyika. Kampuni inalipia kazi inayotaka ifanyike kesho.

Aidha, itakuwa ni dhuluma kumkemea muuguzi kwa ajili ya kalenda huku mkubwa wake akipelekwa semina hotelini kwa fedha za kampuni hiyo hiyo. Kadiri cheo kinavyopanda ndivyo zawadi inavyonona, na samaki huanza kuoza kichwani. Nidhamu na ianzie kwa waganga wakuu na maofisa wa wizara.

Na jambo hili si la hospitali pekee. Mwalimu mkuu anayefadhiliwa na mwuza vitabu, na ofisa manunuzi anayeletewa vikapu kila mwisho wa mwaka, wamo katika mtego uleule. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Na cha mtumishi wa umma kinacholiwa ni uhuru wake wa kusema kweli.

TANU ilimtaka kila mwanachama aahidi kutopokea wala kutoa rushwa, na ahadi hiyo haikuweka kipimo cha udogo. Kila hospitali na kila ofisi inaweza kuanza leo: zawadi irudishwe mbele ya mashahidi, iandikwe katika daftari, na jina la aliyeileta lifikishwe panapohusika. Mama anayemkabidhi muuguzi mtoto wake hana njia ya kujua nani amelipia kalamu inayomwandikia. Ana haki ya kuamini kwamba ni umma.