Bunduki Mkononi mwa Mgeni

Ndugu Waislamu, mwaka 1888 watu wa Pangani, Bagamoyo na Saadani walisimama kuipinga kampuni ya Kijerumani iliyoitwaa pwani kwa mkataba na Sultani wa Zanzibar. Kampuni ikashindwa. Januari 1889 Bunge la Ujerumani likaidhinisha mark milioni 2, kwa jina la kukomesha biashara ya utumwa, na Hermann von Wissmann akapewa kazi ya kuitiisha pwani.

Jeshi lingetoka wapi? Askari wa Kizungu walihofiwa kumalizwa na homa, na wenyeji hawakuaminiwa. Wissmann akapendekeza atafutwe mgeni asiye na kwao. Huko Cairo aliwapata askari wa Kisudani waliobaki bila kazi baada ya Misri kuipoteza Sudan mwaka 1885. Wengi wao walikuwa wametekwa utumwani utotoni kabla ya kutiwa jeshini. Hawakuweza kurudi kwao, na walikuwa na wake na watoto wa kulisha. Wapatao 600 wakaandikishwa, na wengine wakatolewa Msumbiji.

Tarehe 8 Mei 1889 boma la Abushiri bin Salim al-Harthi karibu na Bagamoyo likavunjwa. Tarehe 15 Desemba yeye mwenyewe akanyongwa Pangani. Basi fedha zilizotolewa kwa jina la kuwakomboa watumwa ziliwalipa waliokuwa watumwa, ili Mwislamu ampige risasi Mwislamu mwenzake.

Waingereza nao walifanya hayo hayo. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua Wasudani walioachwa kando ya Ziwa Albert, na wengi wakaingia baadaye katika jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki. Waliostaafu waliwekwa Kibera, Nairobi, katika eneo la zaidi ya ekari 4,000, bila ya hati. Wajukuu wao Wanubi walihesabiwa wageni miaka mingi. Mwaka 2011 kamati ya Umoja wa Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imewadhulumu watoto wao katika suala la uraia. Mwaka 2017 walipata hati ya ekari 288.

Tunajifunza nini? Mtawala dhalimu hamwajiri mgeni kwa kumpenda. Anaununua ugeni wake na njaa yake. Kazi ikiisha yeye huondoka, na chuki humwachia mgeni na kizazi chake.

Hatusemi kwamba njaa inahalalisha dhulma. Kila nafsi itaulizwa ilichokitenda. Lakini sisi wa misikitini tutaulizwa pia. Mkimbizi anayeswali safu moja nasi, je, tumemjua jina? Tumemtafutia kazi ya halali? Au twamwita "mtu wa kuja" mpaka atokee mwingine wa kumpa bunduki na mshahara?

Tunaiomba kila jamaa ianze kwake, Ijumaa hii. Allah atuafikishe. Amin.