Mteja wa safari akipiga simu, usikimbilie kutaja bei

KATIKA miji ya Moshi na Arusha zipo ofisi nyingi za safari zenye chumba kimoja, meza moja na simu moja. Mwenye ofisi ndiye mkurugenzi, ndiye mhasibu, na ndiye anayepokea simu. Wengi walianza kama wapagazi au waongozaji, na njia za mlimani wanazijua hata usiku wa giza. Lakini mteja wa Ulaya au Marekani anapopiga kwa mara ya kwanza, ujuzi huo wote hausikiki. Kinachosikika ni bei. Mteja anauliza kupanda Kilimanjaro ni kiasi gani, na kabla hajavuta pumzi keshatajiwa dola. Akisita kidogo, anapunguziwa hapo hapo.

Kwa maoni yangu, tabia hii ndiyo inayowamaliza wafanyabiashara wadogo wa utalii, na hasara yake haiishii ofisini. Inateremka mpaka shambani.

Tazama bei ya safari ya mlimani inavyojengwa. Ada za hifadhi hulipwa TANAPA kwa kila siku ambayo mgeni yuko mlimani, na hakuna wakala anayeweza kuzipatana. VAT, ambayo huduma za utalii zilianza kutozwa Julai 2016, nayo haina mjadala. Mafuta ya gari yana bei yake kituoni. Kinachobaki ni malipo ya mwongozaji na mpishi, ujira wa mpagazi anayebeba mzigo wa hadi kilo 20, na chakula. Kwa hiyo dola 100 zilizotupwa kwenye simu ili mteja asikate, zitatafutwa huko huko. Mpagazi atakatwa. Mama wa Machame aliyeleta karoti, viazi na mayai ataambiwa asubiri kundi lishuke, na likishuka ataambiwa asubiri kundi lijalo. Wakulima wanaouza mboga kwa makampuni ya safari wanajua ninachosema.

Wapo watakaodai kwamba soko ni huria, ushindani ni mkali, na asiyetaja bei ya chini atamwona mteja akihamia kwa jirani. Ushindani upo, sikatai. Lakini mteja huyo angetaka bei tu angeisoma kwenye tovuti kumi bila kumsumbua mtu. Amepiga simu kwa sababu anataka kumsikia mtu atakayemkabidhi fedha zake, na pengine uhai wake, kwenye mlima wa mita 5,895. Simu ya kwanza ni ya kujenga imani, na imani haijengwi kwa punguzo.

Maandalizi yenyewe hayahitaji mtaji. Yanahitaji daftari.

Anza na saa, maana hapo wengi hujikwaa mapema. Sisi tunahesabu saa kwa kufuata jua, wenzetu wanahesabu kuanzia usiku wa manane. Halafu Ulaya hubadili saa zao mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mteja wa Berlin akisema tuongee kumi asubuhi mwezi Julai, hapa kwetu ni saa tano asubuhi. Akisema hivyo hivyo mwezi Januari, kwetu ni saa sita mchana. Asiyeandika hesabu hiyo pembeni ya simu atapokelewa na mtu aliyekwisha kukasirika.

Kisha andika maswali yako, na yawe ya kwako kabla hujaulizwa ya kwake. Anakuja mwezi gani? Yuko na nani, na wana umri gani? Amewahi kulala mahali pa juu? Ana siku ngapi tangu atue mpaka aondoke? Kuna ugonjwa wowote anaotumia dawa zake? Mtu akiulizwa maswali haya anatambua kwamba anaongea na mjuzi, na majibu yake ndiyo yanayokupa bei ya kweli. Bila hayo, bei unayotaja ni ya kubahatisha.

Chukua suala la siku. Marangu inaweza kupandwa kwa siku tano, na kwa kuwa siku zikipungua ada inapungua, huo ndio mpango unaouzwa kwa urahisi. Lakini mwili unahitaji muda kuzoea hewa nyembamba, na mgeni aliyepelekwa mbio ana nafasi kubwa zaidi ya kuumwa na kurudishwa kabla ya kilele. Ukimshauri siku saba au nane kwa njia ya Machame au Lemosho, atadhani unamtafutia gharama. Basi andaa mapema sentensi mbili tatu za kumweleza sababu, uzifanyie mazoezi kwa sauti. Nimegundua kuwa hofu ya Kiingereza ndiyo humfanya mtu akimbilie tarakimu, maana tarakimu ni rahisi kutamka. Dawa yake ni mazoezi.

Kalenda nayo iwe mezani. Masika yako Machi hadi Mei, vuli hunyesha zaidi Novemba. Anayetaka kuwaona nyumbu wakivuka mto Mara, mahali pake ni kaskazini mwa Serengeti kati ya Julai na Oktoba. Akipiga kutaka hayo kwa Februari, mwambie wazi kwamba hayapo, lakini wakati huo nyumbu wanazaa kule Ndutu, jambo ambalo pengine hakulijua. Yupo wakala atakayemjibu "hakuna matata" na kupokea fedha. Huyo anauza mgeni mmoja na kupoteza kumi.

Weka pia karatasi ya masharti ya safari, na uihakikishe kila mwezi. Anayekwenda Zanzibar anatakiwa kununua bima ya huko, iliyoanza Oktoba 2024 kwa dola 44. Anayepitia nchi yenye homa ya manjano, Kenya ikiwamo, na kukaa zaidi ya saa 12, aje na cheti cha chanjo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu Juni 2019. Namba ya leseni yako ya TALA iwe hapo hapo, maana mteja makini ataiuliza, na kigugumizi mahali hapo ni kibaya kuliko bei kubwa.

Na bei ikiulizwa mwanzoni kabisa? Usiikwepe, mteja atadhani unaficha. Mwambie kwamba inategemea njia na siku, mpe kiwango cha chini na cha juu, kisha mwombe dakika kumi za maswali. Mwahidi mchanganuo wa maandishi jioni hiyo hiyo, wenye ada za hifadhi, malipo ya wafanyakazi na chakula kila kimoja peke yake. Mteja akiona ujira wa mpagazi umeandikwa, ni vigumu kuomba ukatwe.

Haya yanawahusu pia wakulima wa kahawa wa Materuni na Marangu wanaopokea wageni mashambani mwao. Nao siku hizi hupigiwa simu moja kwa moja, na nao hutaja bei kabla ya kujua kama mgeni anataka saa mbili za kuonja kahawa au siku nzima na chakula cha mchana.

Kwa wanaouza mboga, mayai na ndizi kwa ofisi hizi, ninalo ombi. Kila mwanzo wa mwezi mpelekeeni wakala orodha ya bei kwa maandishi, abandike ukutani juu ya simu. Akiulizwa punguzo na mtu wa Chicago, bei yenu iwe mbele ya macho yake kabla hajafungua mdomo.