Mifupa ya Kale ni Amana

Mwezi wa Oktoba 2022, Svante Pääbo wa Sweden alipotunukiwa peke yake Tuzo ya Nobel ya tiba, magazeti mengi yalisifu ugunduzi wake kwamba watu wenye asili ya Ulaya na Asia wamebeba miilini mwao sehemu ndogo ya urithi wa Waneandertali, umma uliotoweka duniani takriban miaka 40,000 iliyopita. Ugunduzi huo ni mkubwa bila shaka; walakini lililo bora zaidi kwangu katika maisha ya mwanachuoni huyu ni jinsi alivyojizoeza kuitilia shaka kazi yake mwenyewe kabla hajashukiwa na wengine, na fundisho hilo latuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki kuliko tunavyodhani.

Alianza akiwa mwanafunzi mjini Uppsala, ambako kazi aliyopewa ilikuwa ya virusi, naye kwa siri akajishughulisha na maiti za kale za Misri. Kwanza alinunua ini la ndama, akalikausha katika tanuri la maabara, apate kujua kama vinasaba vyaweza kustahimili ukavu. Alipoona kwamba vyastahimili, akavitafuta katika maiti 23, na mwaka 1985 akatangaza kuwa amevipata katika maiti ya mtoto mmoja. Sifa zikaenea. Baadaye, ilimu ilipozidi kupanuka, yeye mwenyewe alikubali kwamba huenda vinasaba vile vilikuwa vya mtu wa zama zetu, aliyeishika maiti ile kwa mikono yake.

Maana vinasaba vya wafu hukatikakatika na kuharibika, bakteria wa udongoni huujaza mfupa vinasaba vyao, na chembe moja ya ngozi ya mtafiti yatosha kuiharibu kazi nzima. Wako waliotangaza, mwaka 1994, kuwa wamepata vinasaba vya dinosaria, kumbe ni vya binadamu. Pääbo alishika njia nyingine: akajenga vyumba visivyoingia vumbi, na hata mwaka 1997, alipopata gramu 3.5 za mfupa wa mkono wa yule Mneandertali aliyefukuliwa Ujerumani mwaka 1856, hakutangaza neno mpaka maabara ya pili, huko Marekani, iliporudia kazi ile ikapata jawabu lile lile. Ikapita miaka 13 tena ndipo yeye na wenziwe walipotoa, kwa mifupa ya pango la Vindija nchini Korasia, rasimu ya urithi wote wa Waneandertali. Na mwaka huo huo wa 2010, kipande cha mfupa wa kidole kutoka pango la Denisova, Siberia, kikawafunulia umma ambao hakuna aliyepata kuujua.

Sasa macho ya wataalamu yameelekea kwetu. Mwaka 2015 ulisomwa urithi wa mtu aliyezikwa miaka 4,500 iliyopita katika pango la Mota, kwenye nyanda za juu za Ethiopia, na mwaka 2023 ukatangazwa ule wa watu 80, wengi wao wakiwa wa miji yetu ya kale ya pwani, Mtwapa, Manda, Kilwa na mingineyo. Joto la nchi zetu huviangamiza vinasaba upesi, kwa hiyo hutafutwa aghalabu katika mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani, nao ukishatobolewa na kusagwa, unga wake haurudi kuwa mfupa.

Kwa hiyo mifupa hiyo haifai kutolewa kwa watafiti bila masharti. Wako wasemao kwamba kuweka masharti ni kuizuia ilimu. Mimi naona kinyume chake, kwani laiti mifupa yote ya Waneandertali ingalisagwa mwaka 1985, kwa vyombo dhaifu vya siku zile, isingalibaki ya kusomwa mwaka 2010 kwa mitambo iwezayo kusoma mamilioni ya vipande kwa pamoja. Vyombo vya kesho navyo vitavishinda vya leo.

Basi nawasihi wasimamizi wa makumbusho yetu, kuanzia Dar es Salaam hata Nairobi na Lamu, wasiutoe mfupa wowote mpaka jamaa wa mahali ulipofukuliwa wawe wameulizwa, sehemu yake iwe imewekwa akiba kwa watakaokuja, na vijana wetu wawe wameandikwa katika mapatano kuwa watafundishwa kazi yenyewe ya maabara, wala si kupeleka masanduku uwanja wa ndege.