Tahariri: Pesa ya dawa hailipi mguu uliovunjika

Ajali inatokea, mjeruhi anapelekwa hospitali. Kesho yake dereva anafika pamoja na ndugu zake, anatoa pesa kidogo ya dawa na karatasi ya kusaini: tumepatana, hakuna tena mashitaka. Jamaa ya mgonjwa haina kitu, inasaini. Miezi mitatu baadaye mguu haujapona, kazi imepotea, watoto wamefukuzwa shuleni, na dereva hapokei tena simu.

Hayo tunayaona Bunia, Butembo, Kalemie na kwingineko. Kupatana si vibaya, kunaepusha uadui. Ubaya ni kupatana mbele ya kujua ukubwa wa jeraha.

Sheria ya kiraia ya Kongo, katika kifungu cha 258, inasema wazi: anayeletea mwenzake hasara kwa kosa lake analazimishwa kuilipa. Kifungu cha 260 kinamgusa pia bwana aliyemtuma dereva kazi. Na hasara si dawa tu: ni siku bila kazi, ni maumivu, ni kilema kinachobaki. Tena mjeruhi hahitaji kufungua kesi ya pili. Dereva akishitakiwa mbele ya tribinali kwa kuumiza mtu bila kukusudia, mjeruhi anaweza kuingia katika kesi hiyo hiyo na kuomba malipo yake.

Wengi watajibu kwamba hata akihukumiwa, motari maskini atalipa na nini? Ndiyo maana, tangu 1973, sheria inalazimisha magari na pikipiki kuwa na asiransi, yaani bima, ili aliyeumia asitegemee mfuko wa dereva. Lakini barabarani, mara nyingi kukosa karatasi hiyo kunamalizika kwa noti inayopita mkononi, na pikipiki inaendelea na safari. Siku ya ajali, noti hiyo haimsaidii mtu.

Serkali ikague bima kweli kweli, si kwa kutafuta pesa ya mchana. Wenye pikipiki na magari wajue kwamba wanaokoa pia mali yao.

Na wewe uliyeumia: omba PV ya polisi, omba karatasi ya daktari, chunga risiti zote. Usisaini kitu chochote daktari hajasema neno lake la mwisho.