Urwarwa Haungoji Mwisho wa Mwezi

Nchi za mvinyo hazifanani. Huko Dodoma, nchini Tanzania, mkulima huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na mvinyo wake ukishatiwa chupani na kuzibwa vema waweza kukaa miaka. Burundi nayo ni nchi ya mvinyo, ila mvinyo wake ni wa ndizi, nao huitwa urwarwa. Ni ndugu wa rubisi ya Bukoba na kasiksi ya Kivu. Mvinyo huu hauwekeki, na hapo ndipo ulipo mtihani wa nyumba nyingi za Cibitoke.

Cibitoke inayozungumzwa hapa ni mtaa wa kaskazini mwa jiji la Bujumbura, jirani na Ngagara, Kamenge na Kinama, wala si ile Cibitoke nyingine iliyo mbali, kaskazini-magharibi mwa nchi. Kwa Kirundi ndizi ni igitoke, na zikiwa nyingi ni ibitoke; lakini mtaani humo siku hizi nyumba zimesongamana kuliko migomba. Ndizi huteremshwa kutoka milimani kwa malori na kwa baiskeli za vijana wenye mapaja ya chuma. Tangu mwaka 2021 uhaba wa petroli umejirudia mara kwa mara nchini, na kila unapojirudia, mkungu humfikia mnunuzi kwa bei nyingine.

Kazi yenyewe si ya mchezo. Ndizi zilizokomaa huvundikwa shimoni, zikafunikwa majani na udongo na kutiwa joto la moto kwa siku kadhaa hata ziive. Kisha humenywa na kukandwa pamoja na nyasi katika hori la mti, mpaka maji matamu yajitenge. Maji hayo huchujwa, huongezwa maji safi na unga wa mtama uliokaangwa, kisha hufunikwa mahali penye joto. Baada ya siku moja hadi tatu urwarwa huwa tayari. Tangu saa hiyo, mama aliyeutengeneza huwa anashindana na wakati, maana uchachu hausimami. Zikipita siku chache tu, kinywaji kilichokuwa kitamu huelekea kuwa siki, na mtaji wote ukawa umemwagika.

Mshahara wa askari, kwa upande wake, huja mara moja kwa mwezi. Kati ya siku ile na siku hii ndipo deni huzaliwa. Jioni ya tarehe kumi na tano mteja hufika, mfuko mtupu, akasema, "Mama, niandikie." Mama hutazama dumu, akatazama mteja. Akikataa, urwarwa utachacha. Akikubali, fedha zitangoja. Basi huandika.

Yafaa hesabu yake ifanywe wazi. Chukuliwe mfano wa mama mwenye madumu matano ya lita 20, yaani lita 100. Ikiwa lita 85 zinarudisha gharama za ndizi, mtama, kuni na usafiri, faida yake ni lita 15. Akikopesha lita 20, faida yote imekwenda, na lita 5 za mtaji zimeifuata. Juma linalofuata atanunua ndizi chache zaidi. Wateja watatu au wanne wasiolipa hawana haja ya kumwibia. Kwa kukawia kwao tu wamekwisha mfungia mlango. Mnywaji hudhani amekopa kinywaji, kumbe amekopa ada ya shule ya mtoto wa mwenzake.

Jambo hili huwa zito zaidi mkopaji anapokuwa amevaa sare. Kumdai jirani ni shida. Kumdai askari au polisi kwahitaji moyo wa simba. Muuzaji mwingine huona heri anyamaze kuliko kujitafutia uadui. Lakini sare ni amana ya taifa, wala si dhamana ya kukopea chupa. Tena, mama aliyeishiwa mtaji hushawishika kupika kanyanga, pombe kali iliyopigwa marufuku, kwa kuwa hiyo haichachi na hungoja mnunuzi. Siku ya msako, huenda anayetumwa kumkamata ni yule yule ambaye jina lake limo daftarini.

Wazee wa Burundi waliujua udhaifu wa kinywaji hiki, wakaugeuza kuwa wema. Kwa kuwa hakiwezi kufichwa ghalani, kiligawiwa: katika posa, katika kupokea mgeni, na katika kusuluhisha magomvi, ambapo mkosaji alileta chungu na waliogombana wakanywa pamoja. Katika mtaa ambao misukosuko iliyoanza Oktoba 1993 iliwatenganisha majirani, uaminifu wa namna hiyo si jambo dogo. Deni likilipwa kwa siku iliyoahidiwa, jirani hujua kwamba neno la jirani yake bado lina uzito.

Kwa hiyo mume na mke na wakae pamoja siku ya mshahara, kabla ya fedha kutoka nje ya mlango. Kwanza watenge chakula, kodi, dawa na shule. Pili walipe madeni, na la muuza urwarwa lisiwe la mwisho kwa sababu tu hana wakili. Kinachobaki ndicho cha burudani. Kama hakuna kilichobaki, maji ya kunywa si aibu. Muuzaji naye aweke kiwango cha kukopesha kisichozidi faida yake, aandike kila chupa mbele ya mteja, na aliyevuka kiwango aambiwe kwa adabu kwamba daftari limejaa.

Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga. Askari anayemaliza mwezi bila jina lake kuwamo katika daftari la mjane ameilinda nyumba mbili kwa pamoja, yake na ya mwenzake, bila ya kufyatua risasi hata moja.